Watu wa Kale ni Nani? Mzimu, Magofu na Mapenzi katika Hadithi ya Kiswahili

Iko aina moja ya hadithi ambayo wasomaji wa Ulaya na Marekani wameipenda kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Ndani yake hukutana mambo manne: magofu yanayochimbwa, mzimu unaoyakalia, fumbo linalotaka kufumbuliwa, na mapenzi yanayoanza mahali ambapo mtu alitazamia kukuta mifupa tu. Mwaka 1903 Mjerumani Wilhelm Jensen alitoa Gradiva, kisa cha kijana mwanachuoni wa mambo ya kale aliyeipenda sanamu ya mwanamke, akaifuata mpaka Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Mwaka 1936 Agatha Christie, ambaye mumewe Max Mallowan alikuwa mchimbaji wa mambo ya kale, aliyaweka mauaji katika kambi ya wachimbaji huko Iraki. Baada yao Barbara Mertz, Mmarekani aliyepata shahada ya udaktari katika elimu ya Misri ya kale, alitunga kwa majina ya kupanga hadithi nyingi za makaburi, wezi na wachumba.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatukupungukiwa na lolote katika mambo hayo manne. Kutoka Lamu hadi Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ardhi imejaa kuta za matumbawe, misikiti isiyo na paa na makaburi yenye minara. Gedi, karibu na Malindi, ina sifa ya kukaliwa na wazee wasioonekana. Huko Kaole, karibu na Bagamoyo, mgeni huonyeshwa kaburi la Sharifa, ambalo watu bado hulijia kwa dua na nadhiri. Magofu yapo, basi, na mizimu ipo. Mafumbo na mapenzi hayajakosekana popote. Hata hivyo, tukivitazama vitabu viwili vya Kiswahili vilivyolikaribia sana somo hili, twaona kwamba kila kimoja kilichukua nusu yake na kukiachia chenzake nusu ya pili. Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert (1952), kina mji uliokufa na kina mapenzi, lakini hakina upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla (1960), kina mzimu na upelelezi, lakini hao watu wa kale wenyewe hawamo. Makala haya yataka kueleza sababu ya mgawanyo huo, na hasara tuliyoipata kwao.

Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam aweza kuuona mgawanyo huo kwa macho yake. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yamo katika barabara iitwayo kwa jina la Shaaban Robert. Fuvu alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959 ni mali ya Makumbusho hayo, na humo vimo pia vigae vya Kilwa: vipande vya vyombo vya Kichina vilivyovuka bahari, pamoja na vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa na wenyeji. Akitoka hapo, akapita Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, atakuta vitabu vilivyokwisha kutumika vimetandazwa kando ya njia, na akiwa na bahati atakuta Bwana Msa miongoni mwao. Makumbusho yana vitu visivyosimuliwa, na njiani pana masimulizi yasiyogusa vitu hivyo. Umbali wa mahali hapa pawili ni mfupi kwa miguu. Katika fasihi yetu umekuwa mrefu mno.

Na tuanze na Shaaban Robert. Adili, liwali wa Janibu, anamsimulia Rai, mfalme wa Ughaibu, sababu ya kuwapiga manyani wawili kila usiku. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na Huria, binti wa kijini, kwa sababu ya kijicho na hiana waliyomtendea ndugu yao. Katikati ya kisa hicho kuna safari ya kuingia mji ambao wakazi wake wamekuwa mawe. Mtu mmoja tu yu hai: Mwelekevu, msichana ambaye imani yake ilimwokoa na adhabu iliyoupata mji mzima. Adili anampenda na kutaka kumwoa. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, na Shaaban Robert hakujaribu kuificha asili hiyo. Alichokifanya ni kukipa Kiswahili chake na maadili yake, hata kikawa mali yetu.

Tazama jinsi kisa hicho kinavyofanana na Gradiva, na mahali kinapotengana nacho. Kijana wa Jensen, Norbert Hanold, anamwona mwanamke adhuhuri katika magofu ya Pompeii, akadhani ni mzuka wa yule wa sanamu. Mwishowe ajua kwamba mwanamke huyo ni Zoe Bertgang, jirani yake wa utotoni. Sigmund Freud aliona kisa hiki kuwa na maana kubwa, akakiandikia kitabu mwaka 1907. Kwa Jensen na kwa Shaaban Robert vilevile, mtu aingiaye katika mji wa wafu hupokewa na mwanamke aliye hai, na mwanamke huyo humfumbulia fumbo kwa kinywa chake. Lakini Hanold yu mgeni Pompeii, na Zoe pia yu mgeni. Mji ule kwao ni uwanja wa ndoto. Mwelekevu si mgeni. Mawe yale ni jamaa zake. Anapousimulia mji wake asimulia msiba wa nyumba yao, na Adili anayemchumbia achumbia nyumba hiyo pamoja na msiba wake.

Hapa ndipo pana utajiri wa kisa cha Shaaban Robert, na hapa pia ndipo ulipo mpaka wake. Mji wa mawe umekwisha kuhukumiwa kabla ya Adili kufika. Sababu ya kufa kwake yajulikana: watu wake waliabudu visivyoabudiwa. Jiwe kwake ni adhabu, halikuwa kamwe nyumba ya mtu. Hakuna aulizaye watu wale walikula nini, walifanya biashara gani, wala walizikana vipi. Wafu waliokwisha kuhukumiwa hawana siri, na pasipo na siri hapana haja ya jembe. Mapenzi ya Adili na Mwelekevu yaanza juu ya magofu, lakini hayatoki ndani ya magofu.

Muhammed Said Abdulla alikuja kwa njia nyingine. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari: alihariri Zanzibari mwaka 1948, akasaidia kuhariri Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na tangu 1958 akawa mhariri wa Mkulima. Hadithi yake ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58, na Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka mwaka 1960. Ndani yake twakutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa, ambaye jina lake limefanyizwa kwa herufi za mwanzo za majina ya mtungaji mwenyewe, pamoja na kiko chake, rafiki yake Najum, na Inspekta Seif, askari apendaye kulifunga shauri upesi. Bwana Ali ameuawa, na maiti yake imeonekana katika mzimu wa watu wa kale. Walio karibu wanao ushahidi wao tayari: mzimu umekasirika.

Imesemwa mara nyingi kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu, na Najum ni Watson wake. Hapana ubishi kwamba mtungaji alimsoma Conan Doyle. Lakini hukumu hiyo haitoshi, kwa sababu yaacha jambo kubwa kuliko yote. Holmes hupambana na wahalifu, na mara moja moja hupambana na hadithi ya mzuka. Bwana Msa hupambana na ada. Adui wake katika kitabu hiki ni fikira iliyokubaliwa na watu wote waliomzunguka, kwamba wafu waweza kuua na kwa hiyo hai hawana haja ya kuulizwa. Kufumbua mauaji kwake ni kuwarudishia hai jukumu lao. Twaweza kusema kwamba mwuaji yeyote anayejificha nyuma ya mzimu awatukana watu wawili kwa pamoja: aliyemwua, na wazee aliowasingizia.

Namna afanyavyo kazi Bwana Msa ndiyo namna ya mchimbaji. Haamini kilicho juu. Huondoa tabaka la maneno ya watu, akatazama lililo chini yake, kisha akaliondoa nalo. Na atakachokikuta chini kabisa, katika hadithi zake zilizofuata hasa, ni nasaba: nani mtoto wa nani, nani alioa nani kwa siri, nani arithi na nani asirithi. Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) zaonyesha jinsi alivyoshikwa na jambo hili. Kwake fumbo la kweli ni damu na urithi, na bunduki na kisu ni matokeo tu. Kwa hiyo mtungaji huyu alikuwa na kila kitu mkononi: mahali pa kale, mzimu, mpelelezi mwenye tabia ya mchimbaji, na shauku ya nasaba.

Ndipo lipo lalamiko langu juu ya kitabu hiki ninachokipenda. Jina lake lauliza swali mbili. La kwanza, ni nani aliyemwua mtu katika mzimu huu? La pili, hao watu wa kale wenye mzimu ni nani? La kwanza lajibiwa kwa ustadi. La pili haliulizwi hata mara moja. Bwana Msa athibitisha kwamba wazee hawakuua, kisha awaacha kana kwamba kwa kutokuua wamethibitika pia kutokuwako. Mzimu ulikuwa chombo cha kutisha. Hofu ilipokwisha, chombo kikatupwa. Lakini mahali pale pa kale palikuwapo kabla ya Bwana Ali, na kuna watu waliopajenga. Mpelelezi aliyeweza kuifukua nasaba ya kila mtu aliye hai hakuigusa nasaba ya waliozikwa.

Msomaji aweza kunijibu kwamba naidai hadithi ya upelelezi kazi ya mwanahistoria. Jibu langu ni kwamba mtungaji ndiye aliyelichagua jina hilo, na hakukosa kujua uzito wake. Makunduchi alikozaliwa ndiko kunakofanywa sherehe ya Mwaka Kogwa, ambayo kalenda yake husemwa kuwa imetoka Uajemi, na ambayo huenda sambamba na ada za mizimu za wenyeji. Huko, basi, mgeni wa kale na mwenyeji wa kale hula sikukuu moja. Tena mwaka 1957, ndio mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba, chama kilichukua jina la Afro-Shirazi: swali la watu wa kale liliandikwa katika jina la chama cha siasa. Muhammed Said Abdulla alikuwa amefanya kazi katika Al Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na katika Afrika Kwetu, lililosimama upande wa Waafrika. Aliyasikia majibu yote mawili yakipigiwa kelele. Naona kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kwa makusudi. Katika kisiwa kilichokuwa kikielekea Januari 1964, hadithi iliyothubutu kusema watu wa kale ni nani ingesomwa kama hati ya mashtaka. Aliilinda hadithi yake kwa kuwafanya wazee wasiwe na kabila. Twaweza kumwelewa bila kukubali kwamba tumenufaika.

Maana wakati huohuo walikuwako watu wengine waliolijibu swali hilo kwa jembe. James Kirkman alichimba Gedi tangu 1948 hadi 1958. Neville Chittick aliichimba Kilwa, na mwaka 1974 akatoa juzuu mbili juu ya mji huo. Kazi yao ilikuwa kubwa, na kila aandikaye habari za pwani ana deni kwao. Lakini hukumu yao kwa jumla ilikuwa kwamba miji hii ilianzishwa na kuongozwa na walowezi kutoka ng'ambo, na mwenyeji akapewa nafasi ya kando. Twaona ajabu moja: mpelelezi wa Unguja aliwaondoa wazee katika mzimu kwa jina la akili, na mchimbaji wa Kiingereza akawaondoa wenyeji katika magofu kwa jina la elimu. Wote wawili walisafisha mahali, na mahali pakabaki patupu.

Ardhi yenyewe haikuridhika na hukumu hiyo. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine midogo ya miti, ya zamani zaidi, iliyofika karne ya 8. Mji wa mawe ulikuwa umekua kutoka katika mji wa miti na udongo, tabaka juu ya tabaka, mahali palepale. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alivifuata vyungu vya wakulima na wafua chuma wa bara na pwani ya Tanzania, akaonyesha kwamba mizizi ya watu wa pwani imo katika jamii hizo za Kiafrika. Na mwaka 2023 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 na baada yake, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwa miongoni mwake. Kwa wengi wao asili ya Kiafrika ilipatikana hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, ya Kiajemi zaidi, kwa upande wa baba; na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Sitaki msomaji aifanye mifupa hiyo kuwa fimbo ya kupigia mtu. Vinasaba havisemi lugha, wala havifinyangi vyungu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa sarufi yake, hata kama asili ya damu ya msemaji ni mchanganyiko. Lakini mhakiki wa hadithi aweza kuona katika matokeo hayo kitu ambacho mtaalamu wa mifupa hakuwa na kazi nacho. Tukitoa hesabu, kinachobaki ni kisa: mwanamume aliyetoka ng'ambo, na mwanamke aliyekuwako. Chini ya magofu yetu pana arusi.

Nasi tulikwisha kuambiwa. Masimulizi ya Kilwa yasema kwamba Ali wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mkuu wa nchi, na katika masimulizi mengine huongezwa kwamba alimwoa binti wa mkuu huyo. Jina la mgeni limehifadhiwa, na jina la baba wa bibi arusi, Mrimba, limehifadhiwa katika baadhi ya riwaya. Hesabu ya nguo imekumbukwa. Jina la bibi arusi mwenyewe halisikiki. Kama kuna mzimu katika pwani yetu unaostahili hadithi, ni mzimu wa binti huyu. Naye akusanya peke yake mambo manne tuliyoanza nayo: yumo ndani ya magofu, hana kaburi linalojulikana, ni fumbo, na kisa chake ni cha ndoa. Je, alipendwa, au alitiwa katika bei pamoja na kisiwa? Alisema nini alipoona nguo zikitandazwa? Wanawe waliitwa kwa nasaba ya nani? Hayo ndiyo maswali ya Bwana Msa hasa: nani alioa nani, nani arithi nini. Lakini Bwana Msa hakufika Kilwa.

Sasa twaweza kuieleza sababu ya ule mgawanyo. Katika hadithi za Ulaya mzuka wa magofu ni wa watu wengine. Mchimbaji wa Kiingereza au wa Kijerumani humpenda Mmisri au Mrumi wa kale kwa salama, kwa kuwa hadaiwi kitu naye. Akimaliza kitabu hupanda meli na kurudi kwao. Kwetu mzuka ni bibi. Atakayemfukua atamkuta na uso wa jamaa yake, na kila jibu atakalolitoa litagawa urithi upya miongoni mwa watu walio hai. Ndiyo maana Shaaban Robert aliupeleka mji wake wa mawe mbali, katika nchi isiyo katika ramani, na Muhammed Said Abdulla akauacha mzimu wake karibu lakini akautoa watu. Kila mmoja aliukwepa mkutano huo kwa njia yake. Hofu hiyo si ya mizuka.

Yuko atakayesema kwamba wakati wa hadithi kama hiyo umepita, kwa kuwa upelelezi umekwisha hamia mjini. Kweli, mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na mpelelezi wa Kiswahili akaingia Dar es Salaam. Majina ya vitabu hivi viwili, kilichotoka 1960 na kilichotoka 1965, yatosha kueleza badiliko: sauti isiyo na mwili iliyokuwa ikitoka katika mzimu sasa ilitoka katika simu. Waliofuata walizidi kuijaza hadithi hiyo magari, bastola na hoteli, wakauza sana, na wasomaji wa mjini wakafurahi. Mji ulionekana kuwa mpya mno, hauna chini. Ndivyo wadhanivyo hata wakazi wake wengi, kwa sababu Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na mbele ya Kilwa ni kitoto.

Lakini na tuisimamishe hoja hiyo Kariakoo. Wajerumani walianza kujenga soko hapo kabla ya vita vya 1914. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, mahali hapo pakawa kambi ya kikosi cha wapagazi, wale waliobebeshwa chakula na risasi za majeshi katika nchi yote na kufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kwa Kiingereza kikosi hicho kilikuwa na jina lake. Midomo ya watu wa Dar es Salaam ililigeuza, na jina lililobaki ndilo Kariakoo. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hana sanamu yake. Soko lililochorwa na Beda Amuli, lenye sakafu yake ya chini ya ardhi, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua tarehe 10 Julai 2021. Kwa muda wa karne moja, basi, watu wamenunua na kuuza juu ya tabaka la watu wasio na majina, na kila siku huwataja bila kujua, kila mara kondakta anapotangaza kituo. Hata katika mji huu mpya watu wa kale wapo. Hatukuhitaji miaka elfu kuwasahau. Mia moja ilitosha.

Kwa hiyo hadithi ninayoitaka haikupitwa na wakati, wala haihitaji kuigwa kutoka Pompeii au Misri. Yaweza kuanzia Mtaa wa Uhuru, katika maduka ya kanga yanayoelekea Kariakoo, kwa mwanafunzi wa akiolojia anayemnunulia mama yake doti kabla ya kwenda kuchimba Kilwa. Kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, na nguo ndizo zingali zikiuzwa. Kuna jambo moja ambalo mtungaji atakayeiandika atalipata hapo bure. Maneno yaliyopigwa chapa katika kanga huitwa jina. Mwanamke wa leo hachagui kanga kwa rangi peke yake. Huuliza jina lake, kwa kuwa ndilo litakalomsemea mbele ya mume, mkwe na jirani. Binti wa Kilwa alitolewa kwa nguo zisizo na neno, naye akabaki bila jina.

Shaaban Robert alitufundisha kwamba ndani ya mji wa mawe yawezekana kuwa na mtu anayesema. Muhammed Said Abdulla alitufundisha kutoridhika na jibu la kwanza, na kumtafuta mwenye kosa miongoni mwa hai. Kila mmoja alituachia nusu ya kazi, na zote mbili ni nusu njema. Kilichobaki ni mtungaji atakayezishika kwa pamoja, awe na subira ya mchimbaji na ukali wa Bwana Msa, aende mpaka chini kabisa, na akimkuta bibi huyo asikimbie kwa hofu ya urithi wala asimgeuze kuwa hoja ya kabila. Amwulize jina.